Majengo ya kijani: kabla hujauliza paneli ngapi, angalia jua linaingilia wapi

#1 FundiBaridi (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Kazi yangu ni mifumo ya ubaridi na hewa kwenye majengo, yaani AC, feni, mabomba ya maji baridi na mashine zake, na kuna kitu kimenikaa rohoni muda mrefu nikasema leo nikimwage hapa maana watu wengi wanajenga na wanaumia bila sababu.

Unakuta mtu anakuita anakwambia nataka jengo la kijani, yaani lisilokula umeme na maji ovyo, swali la kwanza paneli za sola ngapi, la pili betri gani, la tatu sensa za taa. Ukiomba mchoro unakuta ulishapitishwa zamani, upande mrefu wa jengo unatazama magharibi, wote kioo kuanzia chini mpaka juu na hakuna hata kipenu cha kuweka kivuli. Hapo mimi sina la kufanya zaidi ya kupiga hesabu ya mashine kubwa ya kutoa joto ambalo jengo lenyewe limelikaribisha, halafu paneli zote zile za juu ya paa zinaishia kuilisha hiyo mashine. Inauma kwa kweli, maana hela imetumika na nia ilikuwa nzuri.

Ngoja nieleze kwa nini nalia na magharibi. Jua la saa sita mchana liko juu, ukitoa kipenu cha kutosha ukuta na dirisha vya chini yake vinakaa kivulini. Jua la saa kumi na moja jioni liko chini, linakuja limelala, linapita chini ya kipenu na kuingia mpaka ukuta wa nyuma wa chumba, tena muda ambao jengo zima limeshachemka toka mchana. Ndo maana kwenye nchi za joto pande ndefu zinatakiwa zitazame kaskazini na kusini, pande fupi ndo zipokee mashariki na magharibi, na huko uweke ngazi, vyoo, stoo, sehemu ambazo mtu hakai. Nchi za baridi wao wanalitaka jua la majira ya baridi liingie ndani kwa hiyo mchoro wao unageuka, lakini na wao wanaanza na jua.

Kioo sasa. Kioo cha kawaida cha tabaka moja kinapitisha kama asilimia 80 ya joto la jua linalokipiga. Kuna vioo vya kisasa vimepakwa utando mwembamba wa madini usioonekana kwa macho, vinashusha hiyo mpaka chini ya asilimia 30 na mwanga bado unapata, ni vizuri sana, ila bado kivuli cha nje ndo mwenyewe. Watu wanaweka pazia ndani wanadhani wamezuia joto, wakuu joto likishavuka kioo limeshaingia, pazia linapata moto na kuutema humo humo chumbani. Kizuizi kikae nje. Abu Dhabi kuna minara ya Al Bahr ilikamilika 2012, nje wameivisha miavuli zaidi ya 1,000 kwa kila mnara inayojifunua na kujikunja kufuata jua, wazo walilitoa kwenye mashrabiya, zile kimiani za mbao za madirisha ya Kiarabu. Mitambo ni ya kisasa lakini kazi ni ile ile ya zamani, kivuli nje ya kioo.

Naendelea baadaye, mwenye swali aulize.

#2 MchoraRamani

Mkuu umetugusa sisi wachoraji na kuna ukweli, ila nikupe na upande wa pili. Kiwanja kinakuja kimeshakatwa, barabara iko magharibi, mwenye jengo anataka uso wa jengo uonekane barabarani na anataka kioo maana kwake kioo ndo usasa. Ukimwambia habari ya kivuli anakujibu AC si zipo. Nimeshapoteza kazi mbili kwa kubishana hapo hapo. Siku hizi nikishindwa kulizungusha jengo napigania angalau mapezi ya kusimama wima upande wa magharibi, maana jua la kulala linazuiwa na kitu kilichosimama, na napunguza madirisha ya upande ule yawe membamba. Siyo kamili lakini inasaidia.

#3 FundiBaridi

Mkuu hapo tuko pamoja, na mapezi ya wima kwa magharibi ndo dawa yenyewe. Ushauri wangu mwite mtu wa mifumo ya hewa mapema, siku ile ile unapoweka penseli ya kwanza, akae na mteja ampigie hesabu, jengo hivi linataka mashine ya ukubwa huu, jengo likizungushwa linataka ndogo kiasi hiki. Wateja wengi namba wanazisikiliza kuliko maneno yetu.

#4 Mdadisi_Mpya

Naomba kuuliza wakuu, kuna jengo kubwa kweli kweli linaloweza kukaa bila AC au hii ni nadharia ya vitabuni? Nyumba ya chini naelewa ila ghorofa la ofisi lenye watu na kompyuta kila meza??

#5 FundiBaridi

Lipo, na liko Afrika. Eastgate Centre pale Harare, lilifunguliwa 1996, maduka chini na ofisi juu, msanifu wake Mick Pearce akifanya kazi na wahandisi wa kampuni ya Arup. Halina AC ya kawaida. Linavyofanya kazi ni hivi, jengo ni zito, zege na matofali, na zege lina tabia ya kumeza joto polepole. Mchana watu na mashine na jua vinatoa joto, zege linalimeza, hewa ya ndani haipandi haraka. Usiku hewa ya nje ikishapoa feni zinaivuta kwa wingi zinaipitisha kwenye nafasi zilizoachwa ndani ya sakafu, zege linatema joto lote, linalala limepoa. Asubuhi watu wakiingia jengo linaanza siku likiwa na akiba ya ubaridi. Hewa yenye joto inapanda yenyewe na kutokea kwenye mabomba ya juu ya paa.

Wazo Pearce alilitoa kwenye vichuguu vya mchwa. Watafiti waliokuja kuvichunguza vichuguu baadaye walikuta kazi yake kubwa ni kama mapafu, kubadilisha hewa, kuliko kutunza nyuzi joto kama ilivyodhaniwa mwanzo. Lakini jengo lenyewe linafanya kazi, na kwangu hilo ndo la msingi.

Sasa tafadhali hapa msikimbie na hili wazo mkalipeleka popote. Harare iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku kunapoa sawasawa. Hii mbinu ya kuhifadhi ubaridi wa usiku inataka tofauti kubwa kati ya mchana na usiku, nyuzi 10 hivi au zaidi. Sehemu ya pwani yenye unyevu ambako saa nane za usiku bado unatoka jasho, ukijenga kuta nene za zege umejiwekea jiko, zinameza joto mchana na kukutemea usiku umelala. Huko unataka jengo jepesi, lililoinuka, madirisha yanayotazamana hewa ipite moja kwa moja, na feni. Feni ya dari inakula wati 50 au 70 hivi wakati AC ya chumba kimoja inakula elfu moja na kuendelea, feni haipozi hewa ila inakausha jasho mwilini na mtu anajisikia kama nyuzi zimeshuka mbili. Hata kama AC unayo, washa feni na upandishe nyuzi za AC, utaona tofauti kwenye bili.

#6 MwalimuSayansi

Nichangie kidogo kwenye hilo la kupitisha hewa maana mimi nafundisha na darasa la mabati mchana najua lilivyo, wanafunzi wanasinzia siyo kwa uvivu ni joto. Shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyomalizika 2001, msanifu Francis Kéré ambaye ndo kijiji chake, wanakijiji walifyatua matofali ya udongo uliochanganywa saruji kidogo. Uzuri wake uko juu. Dari ni ya matofali hayo hayo yenye nafasi za kupitisha hewa, halafu juu yake, mbali kidogo, ndo bati limeinuliwa kwenye kenchi za nondo. Jua linapiga bati, bati linachemka, lakini bati halijagusana na chumba, katikati kuna upepo unapita na kulibeba lile joto, na huo upepo unavuta na hewa ya moto ya darasani kupitia matundu ya dari. Hakuna umeme hapo hata kidogo. Mwaka 2022 Kéré alipewa Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani, Mwafrika wa kwanza kuipata. Siku niliyoelewa lile paa nilijiuliza kwa nini madarasa yote tunagongelea bati juu ya vichwa vya watoto na tunaliacha hivyo.

#7 FundiBaridi

Mwalimu asante sana, hilo paa la juu ya paa ningeweza kulizungumzia siku nzima. Na asiyeweza kuweka mapaa mawili apake jeupe. Paa jeusi au la rangi nzito kwenye jua kali linafika nyuzi 65 na zaidi, jeupe linaloakisi linaweza kuwa pungufu kwa nyuzi ishirini na kitu, kwa kazi ya brashi tu. Lioshwe tu mara kwa mara maana vumbi likikaa linapoteza nguvu.

#8 Kijani_Kibichi

Wakuu mbona hamjataja majengo yenye miti? Milano kuna Bosco Verticale, minara miwili ya Stefano Boeri ya 2014, ina miti kama 800 kwenye roshani, mrefu una mita 110 hivi. Mimi nikiona picha yake moyo unafurahi, ndege wanaishi humo, na miti inatoa kivuli kile kile unachokihubiri. Hiyo si ndo kijani yenyewe?

#9 MchoraRamani

Kivuli inatoa, vumbi inachuja, na mtu anayeishi kwenye jani analala vizuri kuliko anayeishi kwenye zege, hilo silipingi. Ila fikiria roshani inayobeba mti uliokomaa, udongo wake na maji yake, ikiwa imening'inia hewani na upepo unausukuma ule mti. Hiyo ni zege nene na nondo nyingi. Na zege lina saruji, na saruji peke yake inabeba kama asilimia 8 ya hewa ukaa yote inayotoka kwa shughuli za binadamu duniani.

Watu wanadhani moshi wa saruji unatokana na mafuta ya tanuri tu. Zaidi ya nusu unatoka kwenye jiwe lenyewe! Chokaa ya mawe ikipikwa kwenye tanuri la nyuzi 1,450 hivi inavunjika, inabaki klinka, yale madonge yanayosagwa kuwa saruji, na hewa ukaa inapaa. Hata tanuri ukiliendesha kwa sola hiyo haiepukiki. Kwa hiyo dawa ni kutumia klinka kidogo. Kuna saruji inaitwa LC3, klinka inashushwa mpaka karibu nusu, nafasi yake inajazwa udongo wa mfinyanzi uliochomwa pamoja na unga wa mawe ya chokaa, udongo huo unachomwa kwa moto mdogo zaidi na hewa ukaa inaweza kupungua mpaka asilimia 40. Mimi hiyo inanifurahisha kuliko mti kwenye ghorofa ya ishirini, maana inaingia kwenye kila nyumba, hata ya mtu wa kawaida.

Na kabla ya hiyo, jengo la zamani likiwa bado na mifupa mizuri usilivunje. Zege lake lilishalipiwa moshi wake miaka hiyo, likarabati.

#10 Fundi_Mbao

Na mbao je? Norway kuna Mjøstårnet, mita 85.4, ghorofa 18, lilimalizika 2019, nguzo na mihimili ni mbao za kugandishwa tabaka kwa tabaka. Ghorofa za juu waliweka sakafu za zege makusudi ili jengo liwe zito kule juu lisiyumbe na upepo, kwa hiyo siyo mbao tupu, waliweka kila kitu mahali panapokifaa. Moto watu wanaogopa lakini boriti nene ikiungua inajitengenezea ganda la mkaa nje na ndani inaendelea kubeba mzigo kwa muda unaoweza kukadiriwa. Sharti langu mimi, mbao itoke msitu unaopandwa upya, mti ukikatwa mwingine uote, bila hivyo msiniambie habari ya kijani.

#11 FundiBaridi

Umetaja moto mkuu, na mimi hili siwezi kuliacha. Watu wanapotafuta vizuia joto vya kuta wanaangalia unene na bei basi. Grenfell Tower, London, 14 Juni 2017, watu 72 walikufa. Jengo lilikuwa limetoka kukarabatiwa, likavishwa nje vizuia joto na paneli za alumini zenye plastiki katikati, na moto ulioanzia kwenye friji ya jiko moja ukapanda ukutani nje kama umewashwa kwa petroli. Kwa hiyo ukinunua kitu cha kuvisha ukuta uliza kwanza kinaungua au hakiungui, na uonyeshwe karatasi ya kipimo, sufi ya mawe haiwaki, mapovu mengi ya plastiki yanawaka. Kupunguza bili ya umeme hakuwezi kuwa sababu ya kuhatarisha watu waliolala ndani.

#12 Mama_Mjenzi

Jamani nyie mnazungumza maghorofa, mimi najenga nyumba yangu moja, nataka kujua habari ya maji. Nimeambiwa nivune mvua na nitumie tena maji ya bafuni. Ni kweli inalipa au ni usumbufu?

#13 FundiBaridi

Dada maji ya mvua hesabu yake ni rahisi, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa lako likiwa na mita 100 za mraba na ikanyesha milimita 10 hapo pana lita 1,000, toa kidogo zinazopotea ubaki na 800 hivi. Chukua mvua ya mwezi wa eneo lako, zidisha, utajua tangi la kiasi gani. Kosa ninaloliona ni watu kununua tangi kubwa na gata nyembamba, mvua ikija kwa nguvu maji yanaruka nje. Weka na kipande cha bomba cha kumwaga maji ya mwanzo, yale yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege.

Maji ya bafuni na ya kunawa unaweza kuyatumia bustanini na kusukumia choo, lakini bomba lake litenganishwe na la chooni toka siku ya kwanza, kabla zege halijamwagwa. Hata kama sasa hivi huna hela ya chujio, tenganisha tu bomba uliache, siku ukipata hela unaunganisha. Ukishachanganya ndani ya sakafu ndo basi tena. Jikoni yaache, yana mafuta mengi.

Na chagua mfumo unaoweza kuutunza. Bullitt Center ya Seattle, ghorofa sita, ilifunguliwa Siku ya Dunia 22 Aprili 2013, paneli 575 juu ya paa, inavuna mvua yake, ni moja ya majengo ninayoyaheshimu sana. Waliweka vyoo vya kutengeneza mboji ndani ya jengo zima na baadaye wakaviondoa kwa sababu ya shida za uendeshaji. Wale wana wahandisi na bado kiliwashinda, kwa hiyo nyumbani uliza nani atasafisha chujio mwezi wa sita baada ya kuhamia.

#14 Mdadisi_Mpya

Vyeti vya majengo ya kijani je? Naona matangazo LEED, BREEAM, EDGE. Nikiona cheti niamini?

#15 FundiBaridi

Amini kiasi. BREEAM ndo ya zamani, ilianza Uingereza 1990, LEED ikaja ya Marekani, EDGE ni ya IFC ya kundi la Benki ya Dunia na inadai upunguze angalau asilimia 20 kwenye nishati, kwenye maji na kwenye vifaa vya ujenzi. Vimesaidia sana kuwafanya watu wapige hesabu. Tatizo alama nyingi zinatolewa kwa michoro na makadirio, na jengo likishaingiwa na watu linaishi maisha yake.

Niliwahi kuitwa jengo moja, silitaji, lina cheti ukutani pale mapokezi, bili haishuki. Sensa zipo, kompyuta ya kuendesha jengo ipo. Nikaweka mita za kusoma kila saa kwa wiki mbili. Mstari wa usiku ukawa haushuki kabisa, saa tisa za usiku jengo tupu feni zinazunguka. Kumbe kuna siku mtu alilalamika joto, fundi akaiweka mashine kwenye kuendesha kwa mkono na hakuirudisha, na hakuna aliyeangalia kwa zaidi ya mwaka. Ilichukua dakika kama kumi kurekebisha. Ndo maana nikiona The Edge, jengo la ofisi la Amsterdam (siyo kile cheti cha EDGE), wanasifia sensa karibu 28,000 na alama ya BREEAM ya asilimia 98.36, kwangu cha kupongeza ni kwamba taarifa za zile sensa zinasomwa na kufanyiwa kazi. Mita bila msomaji haiokoi kitu.

Na kuna jambo halionekani kwenye mita yoyote, gesi za AC. Gesi ya R-410A iliyomo kwenye mashine nyingi sana, kilo moja ikivuja inapasha dunia joto sawa na zaidi ya tani mbili za hewa ukaa. R-32 ni kama theluthi ya hiyo, sawa na kilo 675 za hewa ukaa, na R-290 ambayo ni propani iko chini ya kilo 5 ila inawaka kwa hiyo inataka fundi aliyefundishwa. Makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016 yanazishusha hizi gesi taratibu, yalianza kutumika 1 Januari 2019. Lakini mafundi wenzangu nawaomba kwa heshima, ile tabia ya kufungua koki na kuipuliza gesi hewani ili ubadilishe kompresa haraka tuiache. Ina mtungi wake na mashine yake ya kuivuta. Dakika mbili za haraka zinaweza kufuta akiba ya miezi mingi ya jengo ambalo watu wamejinyima kulijenga vizuri.

#16 Fundi_Umeme

Kwenye sola niongezee moja tu, paneli inapimwa kiwandani ikiwa na nyuzi 25, kila nyuzi moja ikizidi hapo inapoteza kama asilimia 0.3 mpaka 0.4 ya nguvu. Ukiigandamiza kwenye bati inafika nyuzi 60 na zaidi, umeshapoteza zaidi ya asilimia kumi. Iinue, upepo upite chini yake, na hapo paneli zinakuwa kivuli cha paa pia, ile habari ya Mwalimu ya mapaa mawili.

#17 Mama_Mjenzi

Hapo sasa nimeelewa kitu. Mchoro wangu bado haujapitishwa, sebule na vyumba viwili vinatazama magharibi. Nifanyeje?

#18 FundiBaridi

Dada una bahati sana, umeuliza kabla ya msingi. Nenda kiwanjani siku ya jua, usimame pale pale sebule itakapokuwa, saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, piga picha kivuli chako kila mara. Shika kitambaa chepesi mkononi uone upepo unatoka wapi asubuhi na unatoka wapi usiku. Kama kuna mti upande wa magharibi usiukate kwanza. Halafu tuwekee hapa mchoro wenye alama ya kaskazini, mimi na MchoraRamani tutauangalia, nadhani stoo na bafu vikihamia magharibi vyumba vyako vitapona.